Kosa Langu la Kubisha Hodi

Kwanza, asanteni kwa saa ya ukutani. Ni nzuri, inalia kila nusu saa, na mimi niliyefanya kazi miaka yote hiyo mahali ambapo hata kijiko hakikuruhusiwa kulia, nimeitundika sebuleni nikaiambia ilie itakavyo. Asanteni pia kwa kuku na soda. Lakini kuna neno lilisemwa siku ile ya kuniaga, na neno hilo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki ngege. Sitalitaja sasa. Nikianza nalo nitaharibu karatasi kwa hasira. Nitaanza mwanzo, ili ninyi mnaobaki jikoni mjue kazi hii ilikuwaje kabla yenu, ndipo mtaelewa kwa nini niliinuka kitini wakati Bwana Katibu alikuwa bado anatabasamu.

Niliingia Kar Ling' miaka miwili au mitatu baada ya uhuru. Kwenye barua zao pana jina lingine refu la Kizungu, lakini majirani walipaita Kar Ling', yaani mahali pa kunyamaza, na jina la majirani ndilo lililoshika. Memsahibu mmoja mchoraji, mjane kama mimi, alijenga nyumba sita za msonge juu ya miamba, ukishapita Dunga, nje ya Kisumu, pale mafunjo yanapoufunika ukingo wa ziwa hata huoni maji mpaka uyakanyage. Waandishi na wachoraji walikuja hapo kukaa mwezi mmoja au miwili wafanye kazi bila kusumbuliwa. Kati ya nyumba na nyumba palikuwa na ua wa minyaa mrefu kuliko mtu. Hapakuwa na simu wala redio wala gari la kambi. Kulikuwa na ndege, viboko, tumbili, na sisi.

Nilitoka kupika katika shule ya misheni, kwenye mamia ya wasichana na kelele za masufuria. Asubuhi yangu ya kwanza Kar Ling' nilikutana na mgeni njiani, mzee mwenye ndevu, nikamwambia, "Habari ya asubuhi, Bwana." Alinitazama kama niliyemtemea mate. Kabla ya saa nne niliitwa na Memsahibu. Hakunikaripia, alikuwa mtu wa upole wake. Alinishika mkono akanipeleka mpaka mlango wa nyumba ya kwanza, akanionyesha kibao kilichopigiliwa pale, kwa Kiingereza juu na Kiswahili chini: TAFADHALI USIBISHE HODI. MTU ANAFANYA KAZI.

Nilikisoma mara mbili. Nikajiuliza, na sisi tunaochota maji na kuosha mashuka na kukaanga samaki, tunafanya nini?

Kanuni ilikuwa hivi. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri hakuna kusema uwanjani, awe mgeni awe mfanyakazi. Jikoni ruksa kunong'ona. Saa sita mpishi anachukua vikapu sita, anakiweka kila kimoja kwenye kizingiti cha mwenyewe, anaondoka. Habishi, haiti, hakohoi. Saa tisa anarudi kuokota vikapu vitupu.

Labda kwenu ninyi vijana hilo ni jambo dogo. Mimi lilinikosesha raha. Kwetu Seme, mtu anayefika mlangoni pako kimyakimya, akaweka kitu, akaondoka bila neno, haitwi mpishi. Ana jina lingine, na kukicha wazee wanaitwa wamkalie kikao. Mama yangu aliponitembelea mara ya kwanza akaniona ninavyotembea na vikapu vile kwa ncha za vidole, alishika kichwa. "Yawa! Salome, mwanangu, wamekufundisha nini hawa?" Hakuja tena mpaka akafa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Barnaba, aliyekuwa ametumikia meli za ziwani akipika tangu Kisumu mpaka Mwanza na kurudi. Huyo ndiye aliyenionyesha kufunga sahani ya bati kwa kitambaa isigonge kikombe, yai la kuchemsha kuliweka katikati ya mkate lisibingirike, na kifuniko cha kikapu kukipitishia kijiti kwenye tundu lake ili nzi wasiingie. Chupa ya chai ililala ubavuni. Namba ya nyumba ilipakwa rangi nyekundu mkononi mwa kikapu. Mpaka leo naweza kupakia vikapu sita gizani na hutasikia kitu.

Mzee Barnaba alikuwa na ugonjwa wa kifua. Ndivyo nilivyoamini. Kila tulipofika mlangoni mwa mgeni, kikohozi kilimshika, kho kho, kirefu, na mara nyingi mgeni naye alikohoa ndani. Memsahibu alikuwa akimsikitikia. Mimi nilimpikia tangawizi miezi na miezi, naye akanywa akashukuru. Aliniita Nyar Seme, binti wa Seme, na alikuwa na msemo wake mmoja ambao sikuutilia maanani: "Nyar Seme, kikapu kinadanganya. Wewe uliza mtu." Nikaona ni maneno ya uzee. Utamuuliza nani, na kibao kimekukodolea macho?

Wageni wenyewe niliwazoea. Msanii ukimzoea hakushangazi tena, na hapo ndipo palipokuja kuniumiza. Mchoraji mmoja alitundika mkate wangu mtini siku tisa ili auchore unavyooza. Mama mmoja alipanda juu ya paa na sahani yake, akala huko akitazama ziwa, maganda ya ndizi akayaacha kwenye nyasi za paa yakaukie hapo. Mwingine alizika vikombe. Bwana mmoja aliyekuwa akiandika kitabu juu ya njaa alirudisha kikapu na ujumbe kwamba nyama ilikuwa ngumu. Nilijifunza kuokota sahani zangu popote nitakapozikuta na kufunga mdomo.

Kisha Memsahibu aliuza gari lake akarudi kwao, na nyumba zikashikwa na Kamati. Watu wetu hawa, wasomi, wenye nyumba kubwa Milimani na magari ya kulala kivulini. Nilifurahi siku hiyo. Nilimwambia Mzee Barnaba, "Sasa angalau tutasalimiana." Alinicheka. Kanuni ya Mzungu ilibaki, tena ikanenepa. Memsahibu alikuwa akikisahau kibao akiwa na furaha, anapiga mluzi bustanini. Kamati haikusahau. Walileta vibao vipya vya shaba. Mwaka uliofuata Mzee Barnaba akastaafu, nikaachiwa jiko peke yangu, na kikohozi kikaondoka naye.

Mvua za masika ndizo zilizomleta Mwalimu Kariuki. Alikuwa kijana mwembamba, mwalimu wa shule ya msingi kutoka kule kwenye baridi, Nyeri, na alikuja na sanduku moja na daftari nyingi. Alitaka kuwaandikia watoto hadithi za kusoma darasani. Alinisimulia hayo saa kumi na moja jioni, saa ya ruksa, akiwa amekaa kwenye gogo nje ya jiko langu, jambo ambalo hakuna mgeni aliyewahi kulifanya. Aliniita Mama tangu siku ya kwanza. Aliuliza ngege anakaangwaje mifupa ikalainika. Aliuliza pia kwa nini huku kuna mbu wengi hivi, nami nikacheka, nikamwambia, "Mwalimu, hao ndio wenyeji, sisi ni wapangaji." Sasa nikikumbuka kicheko hicho nasikia aibu. Mtu wa kule juu hana kinga ya homa ya mbu wetu. Kila mpika chai wa Kisumu analijua hilo.

Alipewa nyumba namba nne. Namba tano palikuwa na mshairi kutoka Nairobi mwenye gari dogo la Volkswagen, mgeni maarufu wa Kamati. Maji ya kuoga yalikuwa kazi ya Ouma, mtunza bustani. Alitoka ziwani na madebe kuanzia saa tatu, akajaza debe la kila nyumba huko nyuma, kwenye bafu la mafunjo, na saa nane alikuwa ameshakwenda kwake kwa ng'ombe wake. Mimi niliona mbele za nyumba, Ouma aliona nyuma. Tulipishana njiani kila siku tukiwa tumeinamisha vichwa kama watu waliogombana.

Jumatatu moja Mwalimu hakuja kukaa kwenye gogo. Nikasema kazi imemkolea. Jumanne saa tisa nikakikuta kikapu chake kizingitini, kiko wazi, kitupu kabisa, sahani imetupwa kwenye nyasi, ganda la ndizi liko juu ya paa. Nikaokota. Nikasema moyoni, naye ameshaanza vituko vya wenzake. Kitu kimoja tu kiliniudhi: chupa ya chai ilirudi imejaa vilevile. Chai yangu! Nikawaza, hawa wa kwao wanalima kahawa, labda chai ya Kisumu wanaiona maji ya kuoshea vyombo. Jumatano nikamtilia kahawa. Chakula kilikwisha mpaka makombo, kahawa ikarudi imejaa. Basi nikakasirika kama mpishi anavyokasirika, nikasema kesho nitampelekea uji nione kama nao atauringia.

Naandika haya polepole kwa makusudi, maana nataka mnione nilivyokuwa mjinga. Nilikuwa nagombana na kahawa.

Alhamisi, katikati ya njia, nilikumbuka nimesahau chumvi ya yai. Kikapu cha namba nne nilikuwa nimeshakiweka. Nikarudi jikoni, nikachukua chumvi kwenye karatasi, nikaenda nayo mpaka kwenye kona ya ua wa minyaa, na hapo nikasimama. Kizingitini alikuwa amekaa tumbili jike, mtoto amemshika tumboni. Alikuwa anachomoa kile kijiti kwenye kifuniko. Hakukivunja, hakukivuta kwa pupa. Alikichomoa taratibu kama mtu afunguaye kabati lake mwenyewe, akafunua, akatoa yai, akatoa mkate, akamenya ndizi. Wengine wawili walikuwa wakimsubiri juu ya paa. Alinitazama mimi bila wasiwasi. Alikuwa ameshanizoea. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia.

Nilimwaga chumvi. Nilikwenda mlangoni pale, nikasimama mbele ya kibao cha shaba, nikaita.

"Hodi!"

Tumbili waliruka.

"Hodi humu ndani! Mwalimu! Hodi!"

Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kusikia sauti yangu pale mchana. Iligonga miamba ikarudi. Mlango wa namba tano ukafunguliwa, mshairi akatoka na kalamu mkononi, uso umemwiva kwa hasira. "Wewe mama, una wazimu? Huwezi kusoma?"

"Naweza kusoma, Bwana. Hodi, Mwalimu!"

Ouma alikuja mbio kutoka ziwani, madebe ameyatupa huko. Nikamwuliza, "Huyu umemwona lini?"

"Sijamwona. Debe yake imejaa tangu juzi. Kila siku nakuja, nakuta maji iko, narudi."

"Na mbona hukuniambia?"

Ouma alinitazama, akatazama kibao. "Nikwambie wapi, Nyar Seme? Saa gani?"

Yeye alikuwa na debe lililojaa, mimi nilikuwa na kikapu kitupu. Tungesimama njiani kwa dakika moja tu, tukaulizana habari za nyumba namba nne kama watu wanavyoulizana popote pale duniani, Jumanne ileile tungejua.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani na komeo. Ouma alileta mtaimbo, akaung'oa mlango mzima kwenye bawaba zake. Mwalimu Kariuki alikuwa sakafuni, nusu ya njia kati ya kitanda na mlango, chandarua kimemzonga miguu. Midomo ilikuwa imepasuka. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakituona, na alikuwa akisema kwa Kikikuyu maneno ambayo hakuna kati yetu aliyeyajua, ila moja, maitu, ambalo hata mimi najua maana yake ni mama. Nilimgusa paji la uso nikarudisha mkono. Nilimlowesha midomo kwa uji ule niliokuwa nimempikia kwa hasira.

Nilimgeukia mshairi. "Bwana, gari lako. Tumpeleke Kisumu."

Alichungulia ndani, akapiga hatua moja nyuma. Hakusema hapana. Nataka niwe mkweli juu yake, hakusema hapana. Alisema, "Nipe nusu saa nimalize hapa nilipofika, nisije nikapoteza." Akaonyesha kalamu.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo ufe peke yako huku jirani yako akitafuta neno zuri.

Sikumngojea. Tulimlaza Mwalimu juu ya mlango wenyewe, kibao kikiwa upande wa chini, mimi mbele na Ouma nyuma, tukashuka njia ya mawe mpaka ufukweni ambako lori la samaki lilikuwa likipakia. Kina mama wa samaki walituona kwa mbali wakaacha mizani. Mmoja wao, mama mnene wa Obunga ambaye nilikuwa nikinunua kwake ngege kila Ijumaa, alianza kushusha masanduku kabla sijafungua mdomo. "Weka hapa! Samaki itangoja, mtu hangoji!" Akapanda mwenyewe, akakaa juu ya barafu, akakilaza kichwa cha yule kijana pajani pake. Walipoinua mlango kuupakia, mwenzake aliyekuwa anajua kusoma akainama akakisoma kile kibao kutokea chini, kwa sauti, neno kwa neno. Kina mama wakatazamana. Wa Obunga akasema, "Usibishe hodi? Hii ni nyumba ya nani, ya mauti?"

Njia nzima alimpepea kwa kifuniko cha sanduku. Hospitalini walimpokea mbio, na daktari akaniambia kwamba tungekuja jioni tungekuja na maiti.

Nilikwenda kumwona siku ya sita, alipoweza kukaa. Nilikuwa nimebeba chai, maana nilikuwa bado na deni na chai. Aliinywa yote. Kisha akaniambia neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo.

"Mama, mimi nilikuwa nakusikia."

"Ulinisikia lini, Mwalimu?"

"Siku zote. Jumanne nilikusikia. Miguu yako inakuja, kikapu kinawekwa, miguu inarudi. Nilijaribu kuita, sauti ikakataa. Nikasema, kesho atabisha, nitagonga sakafu anisikie. Kesho ukaja, ukaweka, ukaenda. Nikawa nangoja tu ubishe."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Nilitoka wodini nikaenda nikasimama kwenye mfereji wa maji nikalia mpaka muuguzi akaja kunishika. Ndipo palepale, nikiwa nafuta kamasi na kanga, nikamkumbuka Mzee Barnaba na kifua chake. Kho kho mlangoni, na kho kho ikijibu kutoka ndani. Yule mzee hakuwahi kuumwa hata siku moja. Alikuwa anabisha hodi mbele ya macho ya Memsahibu, na mimi nampikia tangawizi!

Wiki mbili baadaye nikapata barua ya Kamati. Nilidhani ni ya shukrani, nikaifungua mbele ya Ouma. Iliandikwa kwamba mgeni mmoja amelalamika, na kwamba mimi, Salome Anyango, mpishi, nimepatikana na kosa la kubisha hodi saa za kazi, na nifike Milimani nijieleze.

Nilikwenda na kitambaa changu cha kanisani kichwani. Walikuwa wamekaa barazani, watano, wanakunywa chai kwenye vikombe vyembamba. Katibu wa wakati huo alikuwa babake huyu wa sasa, mtu wa sauti laini.

"Mama, hakuna mtu anakataa kwamba ulimsaidia yule mwalimu," akasema. "Tunashukuru. Lakini sheria ni sheria. Ungeweza kuleta ripoti kwa Kamati, na Kamati ingetuma mtu."

"Kutoka Milimani, Mheshimiwa?"

"Ndiyo."

"Kwa miguu?"

Akakunja uso. Mama mmoja wa Kamati akaniuliza kama sikuona njia nyingine ya kujua hali ya mgeni bila kumsumbua jirani. Nikamjibu kwamba tangu dunia iumbwe njia ni hiyo moja, na hata yeye angebishiwa hodi na mauti asingeletewa barua kwanza. Jibu hilo halikunisaidia. Waliandika onyo, wakalitia kwenye faili langu, na wakaniambia nikirudia nitafukuzwa. Mlango wa namba nne ulirudishwa mahali pake. Kibao kilikuwa kimepigwa na masanduku ya samaki kikapinda kona moja. Walikinyoosha.

Nilikuwa na watoto watatu shuleni na sikuwa na mume. Hebu nitajieni mpishi mwanamke aliyekuwa akiandikwa kazi Kisumu siku hizo. Nilirudi jikoni, nikanyamaza siku mbili, na siku ya tatu nikaanza.

Nilianza na nyumba namba moja. Niliweka kikapu, nikasogeza mdomo kwenye tundu la komeo, nikasema, si kwa kelele, ila kwa sauti ya mtu mzima: "Hodi." Mgeni, mama mmoja wa Kampala aliyekuwa akichonga vichwa vya udongo, alisikika akisogeza kiti. Halafu akasema, "Karibu." Nikasema, "Chakula, Mama. Uko salama?" Akasema yuko salama. Nikaenda namba mbili. Tangu siku hiyo sikuwahi kuacha. Wachache walinuna siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu wote walijibu, na baada ya wiki, nikichelewa, niliwakuta wamesimama nyuma ya mlango wakinisubiri. Nawaambia hili kama jambo la kazi: mtu anayekaa peke yake siku nzima na karatasi anaijua sauti ya hodi kuliko ninyi mnaokaa na wenzenu. Hakuna hata mmoja aliyenishtaki tena. Na Milimani hawakujua, kwa sababu Kamati haijawahi hata mara moja kuja Kar Ling' kabla ya chakula cha mchana kuwa tayari kwa ajili yao.

Niliwatambua wagonjwa wangapi kwa njia hiyo? Sikuhesabu. Yupo aliyekuwa ameumwa na nge. Yupo aliyepata barua ya msiba akawa amekaa nayo tangu asubuhi, na aliposikia "hodi" alifungua mlango akaniangukia begani. Mwalimu Kariuki alimaliza hadithi zake, zikatoka, watoto wanazisoma. Kila Desemba ananiletea gunia la viazi kwa treni, likiwa na jina langu kwa wino mweusi, herufi za ubao wa darasani.

Sasa nije kwenye ile siku ya kuniaga.

Mlikuwepo. Mlipanga viti uwanjani baada ya saa kumi, mkapika ninyi mimi nikaambiwa nikae. Bwana Katibu, kijana mzuri, mwana wa babake, alisimama na faili langu mkononi akanisifu. Kisha akasema lile neno. Akasema: "Katika utumishi wote huu tumekuta kosa moja tu kwenye faili la Mama, la siku nyingi. Na Kamati, kama zawadi ya kustaafu, imekaa ikaamua kulifuta." Mkapiga makofi. Nawasamehe, hamkujua.

Ndipo niliposimama.

"Bwana Katibu, lisome hilo kosa."

"Mama, haina haja. Tumeshalifuta."

"Lisome, mwanangu, hawa wenzangu wasikie ni kosa gani."

Alifungua faili. Nilimwona akilisoma kwanza kimoyomoyo. "Kubisha hodi," akasema, "saa za kazi." Mtu mmoja nyuma akacheka, akaacha.

"Hilo msilifute," nikasema. "Kama mna zawadi, ng'oeni vibao. Kosa hilo ni langu, nalitaka. Tena faili lenu lina kasoro, linasema nilikosa mara moja. Nimelirudia kila siku ya kazi tangu hapo, nyumba sita, mlango kwa mlango. Andikeni yote."

Nikakaa, nikamalizia soda yangu. Bwana Katibu alikuwa na kalamu mkononi lakini hakuandika kitu. Vibao bado vipo, nimesikia wamevisugua vikang'aa. Basi nimeandika mwenyewe, hizi hapa karatasi. Mkishazisoma, mzitie katika faili hilo, halafu saa sita ikifika mpeleke vikapu, na mkifika mlangoni mseme kitu.